Boga la Nyuma ya Kisima

Nyumbani, nyuma ya ghala la chama,
Jumanne, tarehe 14, saa nne asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na wanao. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kikikubana ukikaa sana ofisini kimepoa? Na mgongo wa wifi? Msinijibu "hatujambo" tu kama watu wanaopishana njiani, nataka kujua. Sisi huku ukitutazama usoni tu wazima. Moyoni, mdogo wangu, sina amani, na uniwie radhi mwandiko ukiyumba.

Simu nimekupigia tangu juzi, hupatikani. Wifi kaniambia uko safarini, mnazunguka kuwaeleza watu ile sera mpya ya dawa za mashambani. Barua hii nampa dereva wa lori la mboga aifikishe ofisini kwenu, maana haya si mambo ya kuyapitisha kwenye mdomo wa mtu.

Nyanya mwaka huu zimekubali. Tunapiga dawa kidogo, na kabla ya kuchuma tunangoja siku zile mlizoandika, hata wanunuzi wakitununia. Chupa tupu tunazisuuza mara tatu na kuzitoboa. Jirani yangu mshonaji amekasirika kwa sababu hana tena chupa za kuwekea mafuta ya kupikia. Nimemwambia bora akasirike akiwa hai.

Sasa sikiliza. Unakumbuka ule waraka ulionitumia, mimi kama katibu wa chama, niwasomee wakulima wenzangu? Niliusoma, tena kwa madaha, miwani puani. Ila nilianzia ukurasa wa nne, kwa kuwa ndio ulioandikwa kwa herufi nzito, nikaona hapo ndipo penye maana. Kumbe palikuwa na adhabu: faini na kifungo kwa atakayekutwa na dawa zilizopigwa marufuku. Watu wakaanza kutazamana. Mara huyu akakumbuka ana mbuzi wa kufunga, yule akakumbuka ana mgonjwa. Nilipofika ukurasa wa sita, kwenye vile viherufi vinavyosema kwamba mwenye dawa ya zamani ailete ghalani ndani ya miezi mitatu na hataulizwa kitu, nilikuwa navisomea viti. Nikakunja karatasi, nikaenda zangu. Sikuwafuata majumbani mwao. Hilo najilaumu nalo mpaka leo.

Shemeji yako naye aliondoka mapema. Unajua yeye ndiye mpiga dawa wa mtaa mzima, ndiyo maana wanamwita Bwana Bomba, na dawa za wenzake nyingi alikuwa akizitunza yeye. Lita moja ni nyingi kwa bustani ndogo, kwa hiyo wakinunua hugawana kwenye chupa za maji ya kunywa, zisizo na karatasi wala jina. Ipi ni ipi anajua yeye peke yake. Baada ya mkutano ule nilimwuliza chupa ziko wapi, akaniambia kila mtu amechukua yake. Nikaridhika. Mke wa miaka ishirini na sita ya ndoa, nikaridhika!

Alhamisi iliyopita Mama alikuja jikoni na boga kubwa, anacheka peke yake. Alilichuma nyuma ya kisima, kwenye mmea ambao sote tulidhani umejiotea. Akalikata, akalibandika motoni. Shemeji yako akaingia, akachungulia sufuria, akauliza boga limetoka wapi. Alipojibiwa, aliipua sufuria kwa mikono mitupu, akatoka nayo mbio, akaenda kuimwaga chooni. Mbele ya mkwewe, mdogo wangu. Mama alibaki na mwiko hewani.

Tangu hapo Mama hakumsemesha mkwewe. Jumamosi aliniita, akaniagiza nikuandikie kwamba mkwe amemnyang'anya chakula mdomoni na uje umchukue. Ndivyo alivyosema, nami nimekufikishia, ili asije akasema nilimficha mwanawe.

Jumapili ndipo shemeji yako aliponikalisha kitandani akanipasulia. Chupa hazikuchukuliwa na mtu. Wiki ile ya mkutano, mimi na Mama tulipokwenda kumwangalia mgonjwa, alichimba shimo hatua kumi kutoka kisimani, kwa sababu pale udongo ni laini, akazifukia zote, kumi na tisa. Kisha akaona udongo mpya unamtazama. Na yule mtu, unavyomjua, hawezi kuona udongo umechimbwa akauacha hivi hivi. Akapandia maboga juu yake, ili yaufunike. Yakastawi kuliko kitu chochote alichowahi kupanda. Nilitaka kumcheka, nikajikuta nalia.

Niliposema twende tukaseme, alinishika mkono. Miezi mitatu imekwisha, akasema, sasa nitahesabiwa nimekamatwa. Akaniomba nikuandikie kwanza: je, anayekuja mwenyewe kwa kuchelewa ana nafasi yoyote kwenye karatasi zenu? Nikakubali kungoja jibu lako. Aibu nayo nikaimeza.

Jana nilimweleza Mama, ili aache kumchukia mtu bure. Alisikiliza mpaka mwisho, akinyoosha khanga yake magotini. Halafu akasema, taratibu kabisa: "Lile lilikuwa la pili. La kwanza nilikula wiki mbili zilizopita, mlipokuwa shambani. Lilikuwa tamu."

Nilimpeleka zahanati vile vile, na nguo za shamba. Tumbo linamsokota siku nyingi, kumbe, na hakutaka kutusumbua. Muuguzi akamwandikia vipimo, akaniuliza amekula nini cha ajabu. Nikasema labda chakula kililala. Nilisema hivyo, mdogo wangu, mama yetu ameketi pale ananitazama. Vidonge tulivyopewa ni vya tumbo la kawaida. Usiku sikufumba jicho.

Leo asubuhi nimeamka sikumkuta chumbani. Kutoka hapa mezani namwona. Amepeleka kigoda chake kisimani, amekaa mbele ya mfuniko, ndoo ya kamba ameifumbata mapajani. Anawaambia wanaokuja kuteka kwamba pete yake ya ndoa imetumbukia, na hakuna wa kuchota tone mpaka ipatikane. Mama aliyetuchapa mimi na wewe kwa uongo wa sukari, leo anadanganya mtaa mzima macho makavu. Wengine wanaondoka wakitikisa vichwa, wanasema bibi ameanza kuchanganyikiwa. Anawaitikia tu. Na anamfichia mtu ambaye mpaka jana alikuwa hamsemeshi.

Ngoja. Namwona fundi wa visima amesimama naye. Amevua viatu. Anamwambia kitu, Mama anakataa kwa mikono yote miwili. Jamani, anatia kamba kiunoni. Anataka kushuka aitafute pete.

Nimerudi. Ni saa sita sasa na kalamu hii nimeazima kwa mshonaji.

Nilitoka mbio bila viatu, lakini shemeji yako alinitangulia. Sijui alitokea wapi. Aliishika kamba ya fundi, na watu kama kumi wamesimama na ndoo zao, akasema: "Hakuna pete. Kuna sumu hapo nyuma, na nimeifukia mimi."

Mshonaji aliiweka ndoo yake chini, polepole, akamtazama mwanawe mgongoni. Nilitamani mtu atukane, ingekuwa afadhali.

Kisha wawili, watatu, wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba na wao wanazo. Mmoja darini. Mmoja chini ya banda la kuku. Wote walikuwepo siku ile, wote waliondoka kwenye ukurasa wa nne.

Shemeji yako amevaa shati lake safi, amekwenda. Anaanzia zahanati kumtajia muuguzi jina la dawa, kisha kwa bibi shamba, ajisalimishe. Mama ameinuka kwenye kigoda chake, akamfuata. Alisema mkwe haendi peke yake mahali kama pale. Nimewaona wakikata kona ya ghala, Mama mbele, yeye nyuma amembebea mkoba wake. Hawajarudi.

Kwa hiyo lile swali usilijibu tena, ameshakwenda. Nataka ujibu hili: dawa hiyo ikikaa mwilini mwa mzee inafanya nini, na maji tuliyokunywa miezi mitano je? Uliza wataalamu wenu, uniambie ukweli, usinibembeleze. Na njoo, kama una ruhusa ya siku mbili tu. Mama hataki tena uje umchukue, ila macho yake yatakutafuta.

Na mkikaa tena kuchapa karatasi za kuletewa sisi, mdogo wangu, nakuomba kama dada aliyekubeba mgongoni: herufi nzito ziwekeni pale panaposema leteni.

Msalimie wifi, mwambie mgongo aukande kwa maji ya moto. Watoto waambie shangazi anawakumbuka, na wasinywe kitu kwenye chupa isiyo na jina. Shemeji yako angekusalimu, nakusalimia kwa niaba yake mpaka atakaporudi.

Mungu akulinde njiani, na atulindie mama yetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja.