Orodha ya Watu wa Kubebwa

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi mawingu mazito, upepo hakuna. Mto umepanda vidole vinne tangu jana.

Mwenyekiti wa mtaa ameniachia mpango mzima wa kuhama mafuriko yakija. Kimbilio ni shule ya kilimani, madarasa sita. King'ora kikilia tuna nusu saa. Kazi ni wasioweza kutembea: nimepata kumi na tisa, kila mmoja anataka wabebaji wawili. Wabebaji hawatoshi! Mwenyekiti anasema mwenye kijana wa kiume nyumbani asiandikwe, atabebwa na wa kwao. Basi Mama nimemfuta. Anaishi na mdogo wangu, fundi uashi, ana mgongo kama ng'ombe. Tena wasije wakasema nimempendelea.

Wamebaki kumi na wanane.

Jumatano, 6 Machi

Wabebaji wametimia. Mdogo wangu na muuza mkaa watambeba fundi viatu asiye na miguu. Mdogo wangu amecheka. "Dada, mzee yule na mdomo wake? Atatuendesha njia nzima kama ana leseni!"

Jumamosi, 9 Machi

Zoezi. Dakika ishirini na sita! Fundi viatu juu ya kiti, anapungia watu mkono kama bwana harusi.

Mama amegoma kutoka. "Mimi si gunia la kujaribia mizani. Maji yakija kweli, mtanikuta hapa." Sikubishana naye. Nikaweka tiki: zoezi limekamilika.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua siku ya tatu. Sina la kuandika. Nasikiliza mto tu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia darasani.

King'ora kimelia jana saa nane mchana. Dakika thelathini na moja, wote kumi na wanane wamefika. Mwenyekiti akanishika mkono mbele za watu. Hapo hapo nikamwona mdogo wangu anamtua fundi viatu.

Nikamuuliza, Mama yuko wapi?

Akanikodolea macho. "Si umeniandika kwa fundi? Nikajua Mama umempangia wengine!"

Mtu mmoja. Nimemhesabu mara mbili: kwa Mama na kwa fundi viatu. Siku ya zoezi ningeona — kama Mama angetoka.

Akashuka mbio. Maji yalishafika kiunoni pale njia panda. Muuza mkaa alimfuata, akarudi peke yake. Anasema mara ya mwisho alimwona juu ya ukuta wa jirani, anatambaa kuelekea kwa Mama. Halafu mvua ikafunga, hakuona tena.

Boti haiji mpaka maji yatulie. Wameniambia mara tatu, kwa upole, kama naumwa.

Fundi viatu hajala. "Mngeniacha mimi, binti." Nikamwambia anyamaze, ale. Nimemfokea mzee wa watu.

Asubuhi hii nimegawa nafasi za kulala. Mikeka miwili nimeitandika karibu na mlango, haina mtu. Mwanamke mmoja mwenye watoto watano waliobanana ukutani ameuliza: hizo nafasi za nani?

Nikamwambia zina wenyewe.

"Wameandikwa?"

Nikafungua daftari mbele yake, nikawaandika. Namba kumi na tisa, Mama. Mbebaji, mdogo wangu. Mbebaji wa pili nimeacha wazi.

Mvua inapungua. Au ni masikio yangu.

Saa tatu na robo asubuhi. Sijalala tangu jana. Nalala nimekaa, hapa mlangoni.