Mwanangu Daktari Hajawahi Kuzalisha

Jumapili, jioni. Joto la Kawe limenikaba leo. Mawingu yamejaa na mvua haitaki kushuka. Na mie nimejaa hivyohivyo.

Kesho binti yangu Neema anaanza kazi wodi ya wazazi. Kamaliza chuo cha udaktari, kabakiza ule mwaka wa kujifunzia kazi hospitali. Mtaa mzima wananiita Mama Dokta, na mie naitikaga kwa sauti.

Mchana jirani yangu Mama Shani kaja na mkwewe, mimba kubwa. "Dokta wetu, hebu mpapase huyu, mtoto kakaa sawa?"

Neema akatazama chini. Akasema mpelekeni kliniki.

Mama Shani akacheka. "Heee! Dokta wa kutuelekeza njia! Si hata konda anatuelekeza?"

Walipoondoka nikamfuata chumbani nimgombeze. Nikamkuta analia.

"Mama, sijawahi kuzalisha mtu. Nimezalisha mwanasesere."

Eti wanafunzi walikuwa wengi, mzazi mmoja, mwalimu mmoja. Walioko mbele waliona. Yeye mfupi, aliona migongo. Mtihani kafaulu, majibu anayajua yote, mikono ndiyo haijui. Na wenzake waliomaliza naye wanalia kilio hichohicho. Kwenye grupu lao wanajiita madaktari wa migongo.

Wao wanacheka. Mie sicheki.

Mie wa darasa la saba niliamini shule kubwa haimdanganyi mtu. Hata fundi cherehani hamkabidhi mwanafunzi wake gauni la bibi harusi kabla hajamshonesha viraka. Hawa wamemvalisha mwanangu joho, wakampigia makofi, wakamtoa mlangoni.

Neema anataka kesho amwambie mkubwa wake ukweli: hiki sijui, nisimamie. Nikamkataza. Nyamaza mwanangu, watakuona mjinga, watakurudisha, tutaficha wapi nyuso zetu?

Akajilaza, akageukia ukutani. Chakula hajagusa.

Tangu hapo namuwaza yule mkwe wa Mama Shani. Uchungu ukimshika atapelekwa wodi gani? Si hiyohiyo ya Neema? Na mtoto akigoma kutoka, mwanangu aanze kukumbuka migongo ya watu?

Na mie nilikuwa naogopa aibu. Aibu!

Basi. Asubuhi kabla hajatoka nitamwambia: sema, mwanangu, tena sema kabla hujavaa glavu. Wakikucheka, wacheke.

Kicheko hakijaua mzazi.