Kilomita Mia Nne na Thelathini

4 Machi

Mdogo wangu Kipaza,

U mzima? Mimi sijambo, ila magoti yananisengenya kila nikipanda ngazi.

Nimesikia kuna ndege ndogo inayotoka uwanja wetu huu wa vumbi hadi uwanja wa nyumbani. Nimepima kwa rula kwenye ramani: kilomita mia nne na thelathini. Miaka thelathini nimeishi kama mtu aliye upande wa pili wa dunia, kumbe ni hapo tu! Wewe dada yangu unayekaa chumba cha redio uwanjani, niambie, ni safari ya muda gani? Na yale niliyoyaandika gazetini wakati ule, yamesahauliwa? Nataka kuliona kaburi la Baba kabla sijachimbiwa langu.

Kaka yako

19 Machi

Kaka Miwani,

Shikamoo. Huku tu wazima. Barua hii anakuletea rubani mwenyewe, mkononi, maana za posta siku hizi hufunguliwa.

Kuja huku ni saa moja na robo tatu, upepo ukikusukuma. Kurudi ni saa mbili na zaidi, upepo ukikupiga usoni. Umeona nimetaja zote mbili? Baba alipokuwa mtunza uwanja, aliyetaja muda wa kwenda bila wa kurudi alitumwa kufukuza mbuzi kwenye njia ya ndege. Wewe uliwafukuza mpaka wakakuzoea!

Lakini usije bado. Wiki iliyopita walikuja wanaume wawili. Mmoja alikalia kiti changu, akauliza kama bado unaandika. Nikamwambia siku hizi huoni hata sahani yako. Hawakucheka. Ngoja mpaka nikuite.

Mdogo wako, Kipaza

2 Mei

Kaka mpendwa,

Habari za siku nyingi? Hapa kuna amani tele. Mambo ya zamani yamesahauliwa kabisa. Njoo Jumanne ijayo kwa ndege. Safari ni fupi, dakika arobaini tu. Utapokewa vizuri.

Dada yako

11 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Safari hii siulizi kwa mazoea.

Barua yako ya posta nimeisoma tena na tena, nikiitafuta sauti yako ndani yake. Kisha nikaenda uwanjani. Rubani wetu hayupo. Kuna mwingine, hasalimii mtu, naye aliniuliza jina kabla sijamuuliza nauli.

Nimefurahi mno kusikia habari za safari ya dakika arobaini. Ndege ya mwendo huo ikitua hapa, nitakuwa wa kwanza kuipanda. Waambie hivyo hivyo wote wanaonisubiri. Mbuzi msihangaike nao, nitakuja kuwafukuza mwenyewe.

Kaka yako

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu.

Niwie radhi, nilikosea. Si dakika arobaini. Nimeulizwa tena, taratibu, mpaka nikakumbuka vizuri: ni saa moja na robo tatu. Mwandiko usikushtue, naandika kwa mkono wa kushoto mpaka wa kulia upone.

Wageni wangu hawajaondoka. Wanasema watakaa nami hadi utakapofika. Ndege ni ileile ya Jumanne, na kiti chako kimeshalipiwa.

Muda wa kurudi hakuna aliyeniuliza.

Mdogo wako, Kipaza