Mlinzi wa Sahani ya Mume Wangu

Kijiji cha Ulemo,
Kiomboi, Iramba.
12 Agosti 1979

Mpendwa kaka Naftali,

Shikamoo. U mzima huko Uganda? Tunasikia vita imekwisha, lakini wewe hurudi, kwa hiyo bado tunakuombea. Sisi hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua. Uwele tumepata kiasi, umeshaingia ghalani.

Shemeji yako Manase alirudi mwezi wa sita, hakupungua hata ukucha. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kumbe nyuma yake kuna mtu! Gasto, wa Issuna, mwenzake wa handaki moja. Kaja kumsindikiza, eti siku mbili tu.

Kaka, nilichinja jogoo. Nikawapakulia sahani moja wale pamoja, kama wanaume wote wa hapa. Weee! Manase akala peke yake, Gasto kasimama mlangoni katugeuzia mgongo. Halafu wakabadilishana. Kila siku hivyo hivyo. Nikadhani chakula changu kinawatia kinyaa.

Na mazungumzo yote ni ya Gasto. Gasto akicheka, Manase anacheka. Mimi nikiuliza huko kulikuwaje, najibiwa, "Kulikuwa na mvua." Muda wote ule nimelala peke yangu nikimwombea, halafu napewa mvua! Nasema wazi, nilimwonea Gasto wivu kuliko mke mwenza. Mke mwenza ningemtukana kisimani, roho ikatulia.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikampa. Akachimba shimo la choo mpaka likampita kimo, akanirudishia jembe limeoshwa, anacheka. Basi siku Manase alipokwenda mkutanoni kwa balozi wa nyumba kumi nikamwambia Gasto, "Shemeji, kwenu nako wanakungoja. Niachie mume wangu." Hakubishana. Alifunga mzigo wake, akasema, "Akila, shemeji, usimwache bila mtu." Mtu baki ananifundisha kumtunza mume wangu! Nikafyonza.

Tangu hapo Manase hali. Anashika tonge, anatazama mlango mpaka mlenda unapoa. Nilikaa naye, nikambembeleza, nikamlisha kwa mkono wangu, akatema. Amekonda, suruali anaifunga kwa kamba. Ndipo nikakumbuka neno la Gasto, nikaelewa kwamba huko vitani mmoja wenu akila, mwenzake analinda.

Jana niliinuka nikaenda mlangoni, nikampa mgongo, nikatazama nje. Nikamsikia anatafuna. Alikula akashiba, machozi ya furaha yakanitoka. Halafu akasema, "Asante, Gasto. Zamu yako."

Ningemwambia mimi ni Damari, kesho asingekula. Basi nikaketi nikala yaliyobaki, naye kasimama mlangoni ananilinda. Tangu anioe sijawahi kutunzwa namna ile, kaka, na hakuwa ananitunza mimi.

Nimemtumia Gasto salamu arudi. Roho inaniuma, lakini arudi.

Mama anakusalimu, na shangazi Kristina pia. Mkeo Leah anakusalimu sana, anahesabu nguo zako na kuzianika upya. Haya ya Manase sijamwambia.

Mungu akulinde, kaka. Akulinde Yeye mwenyewe, asimpe mtu mwingine zamu hiyo.

Mdogo wako akupendaye,
Damari