Mti Uliopukutika Mikononi Mwangu

Mama, shikamoo. Baridi ya Joburg imenifanya nivae soksi hadi mikononi. Bosi wangu, bibi mzee wa Kizungu, ana mti wa nchi za baridi uitwao mepo, uliokulia shambani miaka mingi. Sasa anautaka uwe bonsai, uishi chunguni, mfupi kama mtoto. Kazi yangu kuumwagilia. Juzi asubuhi nikaukuta hauna hata jani moja. Nikajua nimeuua, na kazi imekwenda. Nikaenda kumwomba radhi. Akacheka: "Eish, Hamisi, mti umelala tu, baridi ikiisha utachipua! Lete msumeno." Akakata tawi nene, zuri kuliko yote, akabakiza kijitawi kilichopinda. Eti sasa ndiyo unapendeza! Mpaka leo sielewi.

Niombee jua, mama. Nikikaa kimya baridi hii, usinililie. Nimelala tu.

Mwanao, Hamisi