Waya Nane za Muheto

Dada yangu mpendwa Riziki,

Kompyuta za shule ya Muheto zinaongea. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kabla ya habari za nyumbani.

Unakumbuka ile alasiri ya mvua, ulipotoka Goma na mfuko wa kebo, ukanikalisha kwenye meza ya Mama? Nilikuwa nimetoka kupeleka maziwa. Ulichuna ganda la kebo, nikaona waya nane ndani. Nilizipanga zipendeze, kijani kando ya kijani, buluu kando ya buluu. Ukazitenganisha zote.

"Usipange vile inakupendeza," ulisema. "Panga vile balikubaliana."

"Nani balikubaliana?"

"Batu benye hautaona hata siku moja. Lakini sababu yao, kamba yako itaingia mu mashini yoyote."

Hicho ndicho kiwango, ukaniambia: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nilikariri nikikamua, mpaka Mama akadhani nasali.

Ulinifundisha pia kwamba mtandao si lazima uwe intaneti. Kompyuta mbili zikiunganishwa, huo tayari ni mtandao. Intaneti ni mitandao ya dunia nzima iliyoshikana. Ndiyo maana ulitaka shule iwe na seva, kompyuta moja ya kutunza vitabu ili nyingine zote zisome humo, hata intaneti isipofika mlimani kwetu. Darasa zima la wasichana lilikuwa linagombania kitabu kimoja cha kemia.

Kisha homa ikakuchukua ndani ya wiki moja, kazi ikiwa nusu. Baada ya mazishi yako, mkuu wa shule, Papa Prefe, aliniita.

"Dada, hii iko kazi ya bateknisia. Tutafungia mashini mu depo."

"Papa Prefe, munipatie siku tatu."

"Na kama inashindikana?"

"Hapo njo mutafunga."

Siku ya kwanza nilivuta kebo zote hadi kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu kinachopokea ujumbe wa kompyuta moja na kuupeleka kwa ile iliyokusudiwa. Siku ya pili, kompyuta mbili zikaanza kukatika. Hii ikishika, ile inapotea. Nilikaa sakafuni nikalia, na sikuwa nikililia kompyuta. Halafu nikawakumbuka wasichana wawili wa kanisani kwetu, wote wakiitwa Neema, walivyosimama pamoja kila mara katekista alipoita jina hilo. Uliwahi kunionya kwamba anwani ya IP ni vivyo hivyo: kila kompyuta iwe na yake, la sivyo ujumbe haujui uende kwa nani. Nikachukua daftari, nikaandika anwani ya kila moja. Ya nne na ya tisa zilikuwa na anwani ileile. Nikabadilisha ya tisa. Zikatulia zote mbili.

Siku ya tatu, mbele ya Papa Prefe na wasichana wa mwaka wa mwisho, niliandika kwenye seva "ping", amri ya kompyuta kuita nyingine na kungoja jibu. Ya kwanza ikajibu, ya pili pia. Ya saba ikanyamaza. Nikatazama kichwa cha kebo yake: nilikuwa nimezikutanisha tena kijani mbili. Aibu ilinishika, dada. Nikakikata kichwa kile, nikaanza upya huku wote wakinitazama, nikitaja rangi kwa sauti. Wasichana wakaanza kuzitaja pamoja nami.

Ikajibu.

"Nani alikufunza?" Papa Prefe aliuliza.

"Dada yangu."

Bado nakukasirikia kwa kuondoka mapema hivyo. Hasira hiyo naamka nayo, naenda nayo kukamua, na Jumamosi naingia nayo darasani, kwa maana sasa nawafundisha wale wasichana kutengeneza kebo. Wawili wamenipita kwa wepesi wa mikono.

Jumatatu napanda pikipiki kwenda Nyabiondo. Kuna shule huko yenye kompyuta sita, na haikuwa na mtu wa kuziunganisha. Sasa inaye.

Pumzika, dada. Usihofu juu ya kazi.

Ni mimi, mudogo wako