Herufi Mbili za Jina Lako

Mpendwa Mama Wambui,

Jiwe la kaburi lako bado halijachongwa. Mashine ya kuchongea mawe hapa Nakuru haisomi maandishi ya kawaida. Inataka kila herufi iwe mchoro wa mistari. Kwa hiyo, katika umri huu, nimekuwa mwanafunzi tena. Najifunza programu ya kuchorea, mimi ambaye nilijua tu ile nyepesi tuliyotengenezea tovuti ya mbegu zako za viazi.

Ile haikutusumbua. Unachagua kisanduku, unakivuta, unaandika ndani, basi. Tulikaa mezani pale Dundori, ukungu umefunika shamba, wewe ukitaja aina za mbegu nami nikichapa. Juu kabisa niliandika "Mbegu Bora za Florence". Ukasoma, ukacheka.

"Huyo Florence ni nani? Mwambie hili shamba liko na mwenyewe."

Kitambulisho chako kilisema Frolence. Karani aliandika alivyosikia, na alisikia vile mama yako anavyotamka hadi leo, r ikitangulia na l ikifuata. Vyeti vyote vikafuata kitambulisho. Mimi nimekula mkate wa uanahabari, na kwetu kukosea jina la mtu ni aibu. Nikalisahihisha. Asubuhi nikakuta umelirudisha. Nikalisahihisha tena. Tuliendelea hivyo kwa miaka. Mteja mmoja wa Njoro alipiga simu akauliza, "Mathe, leo naongea na nani, Florence ama Frolence?"

"Kama unataka viazi, ni Frolence," ukamjibu. "Huyo mwingine hajui kulima."

Mara ya mwisho kulibadilisha ilikuwa zamu yangu, siku chache kabla hujalazwa. Limebaki Florence. Bado naifungua tovuti kila asubuhi kabla ya chai. Hakuna aliyeligusa.

Programu hii mpya haina visanduku. Ina nukta, na kila nukta ina mikono miwili unayoivuta ili mstari ujipinde. Nilianza na ua la kiazi, nililotaka likae juu ya jina lako. Nikatia nukta nyingi mno, kila moja ikivuta upande wake. Cherono, mchoraji wa pale kwa wachonga mawe aliyekubali kunifundisha, aliliangalia akiwa ameshika kidevu.

"Mzee, hili ni ua ama ni kabeji imekanyagwa?"

"Ni ua la kiazi."

"Basi ondoa nukta. Mstari ukikusumbua, futa. Wewe unaongeza tu."

Nilifuta hadi ua likatulia. Ndipo tukafika kwenye jina. Cherono akaeleza kwamba hatua ya mwisho ni kugeuza maandishi kuwa maumbo. Ukishahifadhi hivyo, kompyuta haijui tena kuwa pale pana jina. Inaona vipande vyeusi tu, na huwezi kuvihariri kama maneno.

"Kwa hivyo angalia spelingi sasa," akasema. "Kwa jiwe hakuna kufuta."

Gazetini nimeandika majina ya marehemu wengi wa watu wengine: jina kamili, umri, mahali. Ilikuwa aya ya kwanza, na haikunichukua muda. Lako lilinikalisha pale hadi Cherono akaenda kula na kurudi. Mwishowe niliandika Florence, nikachapisha nakala, nikampelekea mama yako aiidhinishe. Nilijiandaa kwa ubishi. Nilikuwa hata nimepanga majibu.

Alivaa miwani, akapitisha kidole chini ya kila herufi, akasoma kwa sauti: "Fro-len-si." Akanirudishia karatasi.

"Ni yeye," akasema. "Mmeandika vizuri."

Nikaikunja ile karatasi. Kwake herufi zile mbili hazina tofauti, na Wambui anasema yeye alikuita Mami, niamue mwenyewe. Nimebaki peke yangu ninayejali zinavyopangwa. Ningeliacha lilivyo, hakuna ambaye angelirudisha. Hilo ndilo lililonishinda. Florence nilimwandika mimi. Sikuwahi kuishi naye.

Nikarudi mjini, nikalifuta, nikaandika lako.

"Mzee, si hapa kuna kosa?" Cherono akauliza. "R na L zimebadilishana."

"Hakuna kosa. Geuza."

Alinisogezea kipanya nigeuze mwenyewe. Jina lilibaki vilevile kwenye skrini, halikusogea hata unywele. Kwa mazoea nikalibofya katikati, nikitafuta mahali kishale cha kuandikia kingeingia. Hakikuingia popote. Cherono akasema faili iko sawa, nikaendelea kubofya kidogo.

Kwaheri, Frolence. Jumatatu wanaanza kuchonga.

Mume wako,
Baba Wambui